Fundi wa kurekodi bendi huru: Ujira au mrabaha?

BENDI ikishamaliza kurekodi wimbo wake na kupigiwa makofi na jamaa na marafiki, huzuka swali ambalo aghalabu halikuulizwa siku ya kwanza: rekodi hii ni mali ya nani?

Swali hilo limevunja urafiki mwingi baina ya wanamuziki na mafundi wa sauti humu nchini. Wala si ajabu, kwani wengi wetu tunaofurahia muziki hatujui hata kwamba fundi huyo yupo.

Anayezungumziwa hapa si prodyuza wa aina ya waliovuma jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambaye huunda mdundo mwenyewe kwa kompyuta kisha akamwita mwimbaji atie sauti. Prodyuza wa namna hiyo ni mtunzi mwenza, na ana haki ya kudai fungu lake.

Fundi wa kurekodi ni mtu mwingine. Huikuta bendi ikiwa na nyimbo zake, magitaa yake na ugomvi wake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichopigwa chumbani kinamfikia msikilizaji kikiwa kizima.

Miaka ya 1970, wakati kampuni kama PolyGram na CBS zilikuwa na matawi Nairobi, fundi aliweza kuwa mwajiriwa mwenye mshahara, nayo bendi ikapangiwa siku ya kuingia studioni. Kampuni hizo kubwa zilipofunga virago, huku uharamia wa kanda ukiwakaba koo waliosalia, kazi hiyo ikawa ya kujitegemea.

Siku hizi mwenye kompyuta, vipaza sauti kadhaa na masikio makini huitwa leo Kayole, kesho Kisumu, mtondo Mtwapa, akalipwa kwa siku au kwa wimbo. Hana bosi, lakini pia hana wa kumkimbilia asipolipwa.

Kazi yenyewe

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba ni kubonyeza kitufe na kungoja. Ukweli ni kwamba saa nyingi hupotea kabla ya kitufe hicho kuguswa.

Chukua mfano wa bendi ya benga yenye gitaa la solo, la ridhimu, la besi, ngoma na waimbaji watatu. Ngoma peke yake huweza kudai vipaza sauti sita au zaidi: kimoja kwenye ngoma kubwa ya mguu, kimoja kwenye ngoma ya kati, vingine kwenye ngoma ndogo, na viwili juu ya matoazi.

Hapo ndipo elimu ya fundi hupimwa. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, yaani husafiri sentimita 34 kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mlio mmoja wa ngoma hukifikia kipaza sauti cha karibu kwanza, kisha kile cha mbali baada ya muda mdogo mno ambao sikio haliwezi kuutenga.

Milio hiyo miwili ikiunganishwa, mawimbi yake huenda yakapishana: moja likipanda jingine linashuka, yakamezana. Ngoma iliyotikisa kifua chumbani ikatoka kwenye spika kama debe tupu. Anayeanza kazi hukimbilia kuongeza besi kwenye kompyuta. Mzoefu huinuka kitini akasogeza kipaza sauti kwa upana wa kiganja.

Halafu kuna suala la kiwango. Mashine za kidijitali zina dari, na sauti ikigonga dari hiyo hupasuka, wala hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana fundi mwangalifu huacha nafasi kubwa juu, akijua fika kwamba mpiga ngoma aliyegonga taratibu wakati wa majaribio atagonga kwa nguvu maradufu pindi atakapoambiwa kwamba sasa ni kweli.

Suala la mwendo nalo huleta mabishano. Studio nyingi humvisha mpiga ngoma hedifoni yenye mlio wa saa, tik tak, ili mwendo usibadilike mwanzo hadi mwisho. Kwa muziki uliotungwa kwenye kompyuta hilo ni jambo la lazima.

Kwa benga, mwandishi huyu ana shaka. Benga huwa na kilele, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa la solo likakimbia na besi kwa namna inayokumbusha nyuzi za nyatiti, na bendi nyingi hapo huchapua mwendo kidogo bila kukusudia. Kuifunga bendi hiyo kwa saa ni kumnyima mchezaji sababu ya kuinuka kitini.

Nyatiti yenyewe ina somo lake. Mpigaji huketi akicharaza nyuzi nane, anaimba, na wakati huohuo anagonga ubao wa ala kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, huku njuga za mguuni zikilia. Fundi akimtengea kipaza sauti kimoja mdomoni na kingine kwenye nyuzi, atakuwa ameirekodi nusu tu ya ala. Mguu nao unahitaji chake.

Pia kuna uhifadhi, kazi isiyo na raha yoyote. Sauti ya njia moja, iliyorekodiwa kwa vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye njia 16 ukikaribia megabaiti 700, na bendi ikiurudia mara sita, tayari una zaidi ya gigabaiti nne. Nakala moja haitoshi, kwani diski hufa bila kuaga, na stima nayo hupotea bila kubisha hodi.

Kazi hii ikifanywa vyema, hakuna anayeiona. Ikiharibika, kila mtu ni shahidi. Sisi wahariri wasanifu tunaielewa hali hiyo kuliko wengi: hakuna msomaji aliyewahi kupiga simu kusifu koma iliyowekwa mahali pake.

Fundi wa Chicago

Kuhusu malipo, hakuna fundi aliyelijibu swali la ujira na mrabaha kwa uwazi kumshinda Steve Albini wa Marekani.

Albini alizaliwa mwaka 1962, akasomea uanahabari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akapiga gitaa katika bendi za Big Black na Shellac. Lakini mkate wake ulitokana na kurekodi bendi za wengine, nyingi zikiwa bendi huru zisizo na kampuni kubwa nyuma yake. Mwaka 1997 alifungua studio yake, Electrical Audio, jijini Chicago.

Hakupenda kuitwa prodyuza. Kwenye majalada ya albamu alitaka iandikwe tu kwamba yeye ndiye aliyerekodi, na mara nyingine hakutaka kutajwa kabisa.

Mwishoni mwa mwaka 1992 bendi ya Nirvana, iliyokuwa imepata umaarufu duniani, ilimtaka arekodi albamu yake mpya. Albini aliwaandikia barua ya kurasa nne kueleza atakavyofanya kazi. Katika barua hiyo alisema kwamba kampuni ingetarajia adai asilimia moja au moja na nusu ya mauzo. Akapiga hesabu: nakala milioni tatu zikiuzwa, angepata kiasi cha dola 400,000.

Alizikataa. Alitaka alipwe kama fundi wa mabomba ya maji: afanye kazi, alipwe thamani ya kazi, aende zake. Kwa maoni yake, mrabaha ni wa bendi, kwani watu hununua albamu kwa ajili ya bendi, na ubora au ubovu wa albamu ni wa bendi.

Albamu hiyo, In Utero, ilirekodiwa Februari 1993 katika studio ya Pachyderm, jimboni Minnesota, kwa takriban wiki mbili. Ujira wa Albini ulikuwa dola 100,000, basi. Baadaye kulizuka mvutano kuhusu sauti ya albamu, na nyimbo mbili zikachanganywa upya na Scott Litt kabla ya kutolewa.

Mwaka huohuo Albini alichapisha makala katika jarida la The Baffler, akichambua kwa tarakimu mkataba wa bendi ya kubuni iliyosajiliwa na kampuni kubwa. Bendi iliuza nakala 250,000, kila mwenye mkono kwenye mnyororo akala, lakini kila mwanamuziki akaishia na takriban dola 4,000, na bado bendi ikawa inadaiwa na kampuni.

Wapo watakaosema kwamba dola 100,000 ni rahisi kuridhika nazo. Ni kweli, na bendi nyingi alizorekodi zilimlipa kiasi kidogo mno kuliko hicho. Ila utaratibu ulikuwa uleule kwa tajiri na kwa maskini: ujira unaojulikana, hakuna asilimia, rekodi ni ya bendi. Alishika msimamo huo hadi alipofariki Mei 7, 2024, akiwa na umri wa miaka 61.

Sheria ya Kenya

Je, utaratibu huo unafaa kwetu? Fundi wa Nairobi anaweza kujibu kwamba bendi nyingi hazina hata nauli, sembuse ujira. Ndiyo sababu mapatano ya kawaida huwa ya mdomo: nirekodi bure, wimbo ukivuma tutagawana.

Hapo ndipo pana mtego, na ni mtego wa pande zote mbili.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hutenganisha wimbo na rekodi. Wimbo, yaani maneno na muziki, ni wa mtunzi, na hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi ni mali nyingine, inayolindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Na mwenye rekodi ni nani? Sheria haimtaji aliyebonyeza kitufe, wala aliyeimba. Inamtaja mtu aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwa rekodi hiyo. Aidha, kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wawe wamekubaliana vinginevyo.

Kwa hivyo bendi iliyomwita fundi, ikakodi chumba na kulipa ujira, ina msingi imara wa kusema kwamba rekodi ni yake. Fundi akilipwa, hana anachodai.

Lakini bendi iliyorekodiwa bure imejiweka pabaya. Fundi aliyetoa chumba, mashine, stima na siku zake nne anaweza kusema, tena bila hila, kwamba mipango yote aliifanya yeye. Bendi itabaki na utunzi wake na haki zake za waimbaji na wapigaji, ilhali rekodi yenyewe ikawa ya mwingine.

Naye fundi hana salama. Akiahidiwa nusu kwa mdomo, wimbo ukavuma, bendi inaweza kudai kwamba ilimwita kama kibarua. Sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi na utiwe sahihi na anayehamisha. Ahadi iliyotolewa juu ya sahani ya nyama choma haitambuliki kuwa uhamisho.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Vyama vya ukusanyaji wa mirabaha viliundwa kwa kufuata mgawanyo huohuo: MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi, PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 nayo yalitenga angalau asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu kwa msanii au mwenye hakimiliki. Bendi na fundi wasiojua ni nani kati yao anayeitwa mwenye hakimiliki watajua wakati pesa zimeshafika, nao ni wakati mbaya wa kuanza kujadiliana.

Karatasi moja ingetosha kuzuia mengi ya haya. Haihitaji Kiingereza cha mawakili. Iseme nani anamlipa nani, kiasi gani, na kwa awamu zipi. Rekodi ni ya nani. Fundi atatajwa vipi. Na bendi ina haki ya kurudi mara ngapi kuomba marekebisho ya mchanganyiko bila kulipa zaidi. Hilo la mwisho hudharauliwa, ingawa ndilo linalommaliza fundi. Mpiga solo hutaka gitaa lake lipande, mpiga besi naye vivyo hivyo, na wiki tatu hupita.

Arbuni nayo ni muhimu. Mafundi waliofundishwa na njaa hudai nusu kabla ya kufungua sanduku la nyaya, na nusu iliyobaki kabla ya kukabidhi nakala kamili. Hadi hapo bendi hupewa nakala ya kusikilizia tu.

Jambo linalobaki ni zile gigabaiti. Bendi nyingi huondoka na wimbo uliokamilika kwenye simu, zikisahau kudai njia zote 16 zilizotenganishwa. Miaka mitano baadaye likija ombi la wimbo huo kutumiwa kwenye filamu bila sauti za waimbaji, hutafutwa fundi aliyekwisha kubadilisha nambari ya simu, na diski iliyokwisha kufutwa ili kupisha kazi ya bendi nyingine. Fundi hana kosa kuifuta iwapo karatasi haikusema aitunze hadi lini.

Kwa hivyo siku ya kulipa awamu ya mwisho, mkuu wa bendi na aje na diski mbili tupu, akae hapohapo mpaka kunakili kuishe, kisha moja ikalale nyumbani kwake na nyingine kwa mtu asiyekaa naye.