MALI BILA DAFTARI
Yaliyoipata Wilaya ya Shule ya Sweetwater, na yanayompasa mzazi kuyajua

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu maneno hayo huelekezwa kwa mwenye duka, lakini yangefaa pia kuandikwa penye lango la kila shule. Shule nayo ni mali. Ni mali ya mzazi aliyelipa kodi, ya mwalimu aliyeitolea ujana wake, na zaidi ya yote ni mali ya mtoto, ambaye mwaka wake wa masomo ukipita haurudi tena. Habari za wilaya moja ya shule za sekondari nchini Marekani, iitwayo Sweetwater, zaonyesha jinsi amana ya namna hiyo inavyoweza kuvunjwa mara mbili katika muda usiotimia miaka kumi, ilhali watoto wamo darasani wakijitahidi.

MAHALI NA WATU WAKE

Wilaya ya Sweetwater iliundwa mwaka 1920. Imo kusini mwa mji wa San Diego, katika jimbo la California, na mipaka yake yafika hadi Mexico. Inahudumia miji ya Chula Vista, National City na Imperial Beach, pamoja na mtaa wa San Ysidro ulio mpakani kabisa. Ina makumi ya maelfu ya wanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12. Watoto wadogo wa shule za msingi wamo chini ya wilaya nyingine zenye mabaraza yao wenyewe. Wengi wa wanafunzi hao huzungumza Kihispania nyumbani, na kwa wengi Kiingereza ni lugha ya kujifunza shuleni. National City imepakana na kambi kuu ya jeshi la wanamaji la San Diego, kwa hiyo miongoni mwa wazazi wa sehemu hizo wamo mabaharia na askari, watu ambao leo wapo na kesho wamehamishwa. Jamaa za askari popote duniani wanajua maana ya kumkabidhi mtoto kwa shule na kwenda zamu ya mbali.

BARAZA LA WATU WATANO

Yafaa kufahamu kwamba nchini Marekani serikali ya taifa haiendeshi shule hizi. Kila jimbo lina sheria zake, na chini ya jimbo zimo wilaya za shule, ambazo mipaka yake si lazima ifuate mipaka ya miji. Sweetwater huongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa kwa kura za wananchi. Baraza huajiri Msimamizi Mkuu, hupitisha makisio ya fedha na hutoa kandarasi. Tangu mwaka 1953 sheria ya California inataka mabaraza ya namna hii yakutane hadharani, nayo siku hizi inataka pia ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, ili kila raia ajue kitakachojadiliwa naye aweze kusema.

Fedha za kila siku hutoka zaidi katika hazina ya jimbo, nazo hupimwa kwa wastani wa mahudhurio ya wanafunzi. Mtoto asipofika shuleni, si yeye tu anayekosa somo. Shule nayo hukosa fungu lake. Tangu mwaka 2013 jimbo huongeza fedha kwa ajili ya watoto maskini, watoto wanaojifunza Kiingereza na watoto waliolelewa nje ya jamaa zao. Fedha za majengo ni jambo jingine. Wilaya huomba ruhusa ya wapiga kura iuze hati za dhamana, yaani ikope kwa watu wenye mitaji, kisha deni lilipwe kwa kodi ya ardhi na nyumba. Tangu mwaka 2000 sheria inaruhusu mkopo huo upite kwa asilimia 55 ya kura, badala ya theluthi mbili, kwa sharti kwamba iundwe kamati ya raia wa kuangalia matumizi yake.

Kwa maandishi, basi, kila mlango una kufuli. Swali ni nani aliyeshika ufunguo.

ANGUKO LA KWANZA

Mwezi Novemba 2006 wapiga kura wa Sweetwater walikubali mkopo wa dola milioni 644 kwa ajili ya kutengeneza shule zilizochakaa. Hiyo ni fedha nyingi mno, na penye mzoga ndipo wakusanyikapo tai. Makandarasi waliotaka kazi walianza kuwakirimu wakubwa wa wilaya: karamu katika mikahawa, tikiti za michezo, safari, na michango ya kampeni za uchaguzi. Sheria ya California inamtaka kiongozi aandike kila zawadi inayozidi kiwango kilichowekwa, na inamkataza kupokea kupita kadiri. Zawadi nyingi hazikuandikwa.

Ofisi ya mwendesha mashtaka wa mkoa wa San Diego, ikiongozwa na Bonnie Dumanis, ilifungua mashtaka mwanzoni mwa mwaka 2012, nayo yakapanuliwa mwaka 2013. Walioshtakiwa walikuwamo wajumbe wa baraza, makandarasi, na aliyekuwa Msimamizi Mkuu, Jesus Gandara, ambaye wilaya ilikuwa imekwisha kuachana naye mwaka 2011. Wengi walikiri makosa, mengine mazito na mengine madogo. Gandara alikiri kosa zito la kula njama, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miezi saba.

Wajumbe wanne kati ya watano waliokuwa wakitumikia walipoondoka, baraza lilikosa akidi; halikuweza hata kupitisha mishahara. Ikabidi wajumbe wa halmashauri ya elimu ya mkoa waazimwe kushika viti vyao, mpaka uchaguzi wa Novemba 2014 ulipoleta baraza jipya. Watu wakashusha pumzi. Iliaminika kwamba nyumba imefagiliwa.

ANGUKO LA PILI

Hatari ya pili haikuja na karamu wala tikiti. Ilikuja kimya, ndani ya tarakimu.

Katika wilaya yoyote ya shule, mishahara na marupurupu hula zaidi ya robo tatu ya matumizi. Ukitaka kujua kama wilaya ni nzima, tazama kwanza kama makisio ya mishahara yanalingana na mishahara inayolipwa kweli. Huko Sweetwater hayakulingana. Watumishi waliongezewa mishahara, lakini makisio hayakuhesabu nyongeza hizo ipasavyo. Karatasi zikaonyesha akiba wakati kasha linakauka.

Mwezi Septemba 2018, baada ya ofisi ya fedha kuingia mikononi mwa watu wapya, wananchi waliambiwa kwamba kuna pengo la takribani dola milioni 30. Ofisi ya elimu ya mkoa ilikataa kuidhinisha makisio ya wilaya. Kikaitwa chombo maalumu cha jimbo kinachoshughulikia wilaya zilizoingia matatani, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1991. Mwezi Desemba 2018 mkuu wake, Michael Fine, alisimama mbele ya baraza, hadharani, akaeleza kwamba maandishi 302 katika mtambo wa hesabu yalifanywa kwa namna iliyoficha hali halisi. Katika ripoti ya Juni 2020 chombo hicho kilisema kuna ushahidi wa kutosha kwamba udanganyifu huenda ulitendeka. Mwezi huohuo baraza lilimpa likizo ya lazima Msimamizi Mkuu wa wakati ule.

Jambo halikuishia hapo. Mwezi Aprili 2018, kabla pengo halijatangazwa, wilaya ilikuwa imeuza hati za dhamana za dola milioni 28. Mwezi Septemba 2021 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana iliishtaki wilaya pamoja na aliyekuwa ofisa wake mkuu wa fedha. Tume ilisema kwamba wanunuzi walionyeshwa makisio ya kumaliza mwaka na salio la dola milioni 19.5, ilhali mwelekeo wa kweli ulikuwa upungufu wa dola milioni 7.2. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni dola milioni 26.7. Wilaya na ofisa huyo walikubali kumaliza shauri bila kukiri wala kukana madai. Ofisa akatozwa dola 28,000, na wilaya ikakubali kuajiri mshauri wa nje asiyefungamana nayo.

Nani aliyelipa gharama ya makosa hayo? Mwanzoni mwa mwaka 2020 baraza lilipiga kura ya kupunguza walimu na watumishi wengine. Tarakimu iliyofichwa ofisini ikawa kiti kitupu cha mwalimu darasani.

WATOTO HAWAKULALA

Lingekuwa kosa kudhani kwamba wilaya yenye viongozi wabovu ina watoto wabovu. Mwaka 2000 Sweetwater ilifanya mapatano na Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego. Mtoto aliyeanza darasa la 7 mwaka ule aliahidiwa nafasi chuoni atakapomaliza mwaka 2006, iwapo atatimiza masharti: asome katika wilaya hiyo mfululizo tangu darasa la 7 hadi la 12, akamilishe masomo yanayotakiwa na vyuo vikuu, apate wastani usiopungua alama 3 kati ya 4, na afaulu mitihani ya Kiingereza na hesabu ya kuingilia chuo.

Uzuri wa mapatano hayo ni kwamba masharti yalijulikana mapema. Mtoto wa mfagizi wa hoteli na mtoto wa baharia walisomewa sharti lile lile wangali na miaka kumi na miwili, tena mzazi asiyejua Kiingereza aliweza kuelezwa kwa lugha yake. Vijana wengi ambao katika jamaa zao hakuna aliyepata kukanyaga chuo kikuu walipata njia iliyonyooka. Mapatano hayo yalianza kazi yake katika miaka ileile ambayo wakubwa walikuwa wakila karamu za makandarasi. Watoto walitimiza ahadi yao. Waliokosa ni waliokabidhiwa ufunguo.

MAFUNZO KWA MZAZI

Askari mtunza ghala hajui idadi ya risasi kwa kusoma kitabu peke yake. Hufungua sanduku akahesabu, kisha akalinganisha na kitabu. Kituo cha polisi nacho hakiamini kwamba kielelezo kipo kwa kuwa kimeandikwa daftarini; hukitazama kabatini. Shule haihitaji elimu nyingine zaidi ya hiyo. Makisio ni kitabu. Matumizi ndiyo sanduku. Pale Sweetwater watu walisoma kitabu mwaka baada ya mwaka, na sanduku halikufunguliwa.

Kwa hiyo mzazi aendapo katika mkutano wa shule, iwe ya kambini au ya mtaani, ana haki ya kuuliza maswali matatu kwa adabu na bila woga. La kwanza: mwaka jana tulikisia kiasi gani, na tulitumia kiasi gani? La pili: nani aliyepewa kazi ya kujenga, na walishindana wangapi? La tatu: watoto wetu wanatakiwa kufikia alama gani, na nani amewaambia? Mwalimu mkuu mwaminifu hataudhika kwa maswali hayo. Yatampunguzia mzigo, kwa sababu hesabu inayoonekana na wote humlinda aliyeishika.

Baba akiwa zamu ya mbali, mama na aende. Mama akiwa kazini, na aende shangazi au kaka mkubwa, akarudi na habari iliyoandikwa. Nyumbani nako pawe na daftari la shule, lenye siku ambazo mtoto hakuhudhuria, karo na michango iliyotolewa, stakabadhi zake, na alama za kila muhula. Daftari hilo ni la senti chache, lakini mwaka utakapokwisha litasema kweli hata kama watu wote watakuwa wamesahau.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazazi wa Sweetwater waliulipia ukuta huo mara mbili.