Virunga ilinusurika kwa kukosa wanunuzi, si kwa ahadi za Kinshasa

Mbuga ya Virunga ilitimiza miaka 100 tarehe 21 Aprili 2025. Siku hiyo ilikuta makao yake makuu ya Rumangabo, katika teritwari ya Rutshuru, yakiwa ndani ya eneo linaloshikiliwa na waasi wa M23, na mji wa Goma ukiwa umeanguka mikononi mwao karibu miezi mitatu kabla. Ni vigumu kuzungumzia sokwe na viboko wakati watu wanakimbia na magodoro kichwani. Lakini kuna jambo moja linaloihusu mbuga hii ambalo halingoji vita viishe, na halina uhusiano na bunduki. Liko kwenye karatasi, Kinshasa.

Karatasi hizo ni nyingi. Nchi yetu iliukubali Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1974. Miaka mitano baadaye, mwaka 1979, Virunga iliandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi huo, na tangu 1994 iko pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili inakataza, ndani ya maeneo yanayolindwa, kazi yoyote isiyopatana na uhifadhi. Kamati ya Urithi wa Dunia nayo imerudia mara nyingi kwamba kutafuta au kuchimba petroli hakupatani na hadhi ya urithi wa dunia. Kisha tarehe 2 Novemba 2021, huko Glasgow, Rais Félix Tshisekedi akatia saini makubaliano juu ya misitu na wafadhili wa mpango wa CAFI: dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza. Makubaliano hayo yalidai pia ichunguzwe ni wapi vibali vya madini na petroli vinagusa maeneo yaliyohifadhiwa.

Haikupita miezi tisa. Tarehe 28 Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 30, yaani 27 vya petroli na 3 vya gesi. Baadhi ya vitalu hivyo viliingia ndani ya Virunga.

Mwezi Oktoba 2024 waziri wa hidrokaboni, Aimé Sakombi Molendo, alitangaza kwamba mnada wa vile vitalu 27 umefutwa. Wengi walishangilia, na ilikuwa haki yao kushangilia. Ila inafaa kusoma sababu alizotoa: maombi yanayokubalika yalikosekana, mengine yalichelewa au hayakufuata utaratibu, na ushindani haukuwepo. Yaani soko halikujaa. Mbuga, UNESCO na Glasgow havikuwa sababu ya kufuta. Mnada uliofutwa kwa kukosa wanunuzi unaweza kufunguliwa tena siku wanunuzi wakipatikana.

Tumeshaona jambo hili likitokea zaidi ya mara moja. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza ya SOCO ilipewa kitalu cha V, ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya mbuga na kwenye Ziwa Edward. Mwezi Juni 2014, baada ya kelele kubwa ndani na nje ya nchi, kampuni hiyo ilikubaliana na shirika la WWF kusimamisha kazi, ikamaliza vipimo vyake vya mitetemo ziwani, kisha ikaondoka. Wengi tulidhani habari imeisha. Mwaka 2018 serikali ikaanza tena kujadili kuondoa karibu kilomita za mraba 1,720 kwenye ulinzi wa Virunga, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya mbuga nzima, ili kutafuta petroli. Mwaka 2022, mnada. Kila mara serikali ni tofauti, mawaziri ni tofauti, lakini ramani ni ileile.

Mlango unaoruhusu hayo uko ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya hidrokaboni ya mwaka 2015 inazuia kazi za petroli katika maeneo yanayolindwa, lakini inaiachia serikali nafasi ya kuyafungua kwa hoja ya manufaa ya umma. Na manufaa ya umma, tunajua, ni neno pana. Kila waziri anaweza kulijaza anavyotaka.

Je, umma wenyewe ni nani? Waulize wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Hao wanakaa ndani ya mbuga, kando ya Ziwa Edward, na wanaishi kwa tilapia. Samaki wao wanawategemea viboko kuliko tunavyofikiri, maana mavi ya viboko ndiyo yanayorutubisha maji na kulisha vile vidudu na majani ambavyo samaki hula. Katika miaka ya 1970 viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika eneo hili. Kufikia mwaka 2005, baada ya miaka ya vita na uwindaji wa wenye silaha, walikuwa wamebaki chini ya 1,000, na wavuvi walihisi tofauti kwenye nyavu. Ziwa lililokwisha kudhoofika hivyo halina nguvu ya kubeba mafuta yaliyomwagika. Maji yake pia hayabaki hapo: yanatoka kwa mto Semliki, yanapita Beni na Ituri, yanaingia Ziwa Albert, na mwisho yanakuwa Nile. Upande wa pili wa ziwa, Uganda nayo iliweka kitalu chake cha Ngaji mnadani mwaka 2015. Kinshasa haiwezi kuiomba Kampala iache ikiwa yenyewe haijaacha.

Hapa lazima tuseme ukweli mwingine, ambao mara nyingi watetezi wa mbuga huupitia haraka. Wakaaji wengi wa Rutshuru na Lubero hawaipendi Virunga. Mashamba hayatoshi, tembo wanakanyaga mihogo, mipaka ya mbuga imezaa ugomvi miaka na miaka, na mama anayekamatwa na gunia la makala hamwoni mtalii anayelipa dola kumtazama sokwe. Kuna umeme wa Matebe, uliozinduliwa Desemba 2015 kwa maji ya mto Rutshuru, na umesaidia viwanda vidogo na nyumba nyingi. Haujafika kwa kila mtu. Anayemwambia mkaaji wa Kiwanja kwamba petroli italeta kazi anapata wa kumsikiliza, na hatuwezi kumlaumu msikilizaji.

Lakini tuangalie hiyo kazi ni ipi. Kuchimba petroli kunahitaji mitambo na mafundi wachache waliosomea. Vijana wa kijijini watapata ulinzi wa usiku na kuchimba mitaro. Tena ni katika eneo ambalo makundi yenye silaha yanapigania hata makala na samaki. Tarehe 24 Aprili 2020 walinzi 12 wa mbuga waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na dereva wao na raia wanne. Zaidi ya walinzi 200 wamekufa wakiilinda Virunga kwa miaka yote hii. Kuleta kisima cha petroli mahali kama hapo ni kuwaongezea wapiganaji kitu kingine cha kupigania.

Kinshasa ina hoja yake, na si ya kudharauliwa: nchi tajiri zilichimba zao, leo zinatuambia tusichimbe, na pesa wanazoahidi huja polepole. Basi idai pesa hizo, na idai kwa sauti. Ila anayedai mwenzake atimize ahadi huanza kwa kutimiza yake. Mwezi Januari 2025 serikali iliunda Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, wa kilomita za mraba 540,000, na kuusifu mbele ya dunia kule Davos. Mwaka uleule ikatoa vitalu vipya 52 vya petroli katika bonde la kati la Kongo. Mfadhili gani ataelewa lipi ni lipi?

Kinachotakiwa kinajulikana, na serikali imeshakifanya mahali pengine. Kwa mbuga ya Salonga, Kinshasa iliijulisha UNESCO rasmi kwamba vibali vyote vya petroli vilivyoigusa ni batili, na mwezi Julai 2021 Salonga ikatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Virunga inastahili maandishi kama hayo: vitalu vyote vinavyoigusa vifutwe kwa sababu ni mbuga, na ramani ya petroli ichorwe upya bila Ziwa Edward. Bunge nalo lifunge ule mlango wa manufaa ya umma kwa maeneo ya urithi wa dunia. Kazi hiyo haihitaji kuingia Rumangabo wala kungoja mazungumzo na M23. Inafanyika ofisini, kwa kalamu. Wabunge wa Kivu Kaskazini wanaweza kuianzisha kwa kumwita waziri wa hidrokaboni na kumuuliza swali moja tu: kampuni ikija kesho na pesa mkononi ikitaka Ziwa Edward, ataijibu nini, na kwa sheria ipi?