Mchezaji hodari, moyo wenye kasoro

Pete Maravich wa Marekani alikuwa burudani tupu katika mpira wa kikapu: pasi za nyuma ya mgongo, mpira katikati ya miguu, uwanja mzima ukicheka. Chuoni Louisiana alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mchezo, kisha akacheza NBA misimu 10. Tarehe 5 Januari 1988, akicheza kujifurahisha tu huko Pasadena, California, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 40. Uchunguzi wa mwili ulionyesha alizaliwa bila mshipa wa kushoto unaoulisha moyo damu. Ule wa kulia ulibeba kazi yote.

Wazazi huniambia, “Daktari, huyu anacheza mpira kutwa, moyo wake mzima.” Maravich naye alicheza kutwa. Mtoto akizimia katikati ya kukimbia (kuzimia akiwa amesimama juani mara nyingi ni jambo jingine), kifua kikimbana mazoezini, au kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, msimamishe mazoezi umlete. Apimwe umeme wa moyo, na ultrasaundi ya moyo pia, maana kipimo cha kwanza kinaweza kutoka kizuri na kasoro ikabaki. Njoo na aliyemwona akianguka.