Barabara Inayozunguka Nairobi

Tumfikirie dereva wa lori. Ametoka bandari ya Mombasa na mzigo wa Kampala. Zamani hakuwa na la kufanya. Akifika Nairobi lazima apite Uhuru Highway, katikati ya jiji, pamoja na matatu, mabasi na watu waendao kazini. Hakuwa na cha kuuza wala cha kununua Nairobi, lakini alikwama humo na lori lake, na moshi wake wakauvuta wenye mji.

Dawa ya shida hii ni barabara ya mchepuko. Wenyeji wa Nairobi huiita "baipasi". Ni barabara inayopita kando ya jiji, ili gari lisilo na shughuli mjini lisiingie mjini.

Haya, tuifuate ile ya Kusini. Urefu wake ni karibu kilomita 28. Inaanzia barabara ya Mombasa na kuambaa ukingo wa Mbuga ya Taifa, ile yenye simba. Inakata barabara ya Lang'ata, inapita upande wa Kibera, halafu inaingia msitu wa Ngong Road. Mwisho inapita Dagoretti na kutokea Kikuyu, kwenye barabara ya Nakuru. Hapo dereva wetu ameshashika njia ya Kampala.

Kazi ilianza 2012, ikaisha 2016. Ilijengwa na kampuni ya Kichina, kwa mkopo wa China na fedha za serikali ya Kenya. Lakini mpango wa barabara hizi ulikuwako tangu miaka ya 1970! Mbona zikachelewa hivyo?

Fedha ni sababu moja. Nyingine ni ardhi, na hapa tusimame kidogo. Ardhi ya kupitisha barabara ilitengwa mapema, ikakaa miaka mingi bila kazi. Watu wenye nguvu wakaitolea macho. Vipande vikagawiwa, vikauzwa, vikauzwa tena. Mnunuzi wa tatu au wa nne alipewa hati yenye muhuri, akaita fundi, akajenga. Angejuaje?

Mwaka 2004, Raila Odinga akiwa waziri wa barabara, matingatinga yalifika. Nyumba zilizosimama kwenye njia ya barabara zikabomolewa, na wengine walikuwa na hati mkononi. Mwaka huohuo tume ya Ndung'u ilitoa ripoti yake juu ya ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Ilitaka hati za namna hiyo zifutwe. Sisi tunaona barabara ilihitajiwa kweli, lakini uchungu haukugawanywa sawa. Aliyeuza kwanza alikwenda zake na fedha, na aliyenunua mwisho akabaki na kifusi.

Kwa hiyo anayetaka kununua ploti karibu na barabara kuu asitosheke na hati. Aende ofisi ya ardhi aulize jina la mwenyewe. Aombe ramani ya wapima. Aulize pia watu wa barabara mpaka wao unafika wapi, kisha akaone bikoni kwa macho yake.

Ziko baipasi nyingine tatu. Ya Mashariki inapita Utawala kwenda Ruiru, na ya Kaskazini inapita Runda hadi Ruaka. Ya Magharibi, karibu kilomita 17, inatoka Gitaru hadi Ruaka. Hiyo ilikamilika 2022, na tangu hapo gari laweza kuizunguka Nairobi yote bila kuingia katikati.