Uboreshaji wa breki za Volkswagen Beetle

Uboreshaji wa breki za Volkswagen Beetle ni kazi ya kubadilisha mfumo wa asili wa breki za gari hilo la Kijerumani ili lisimame kwa uhakika zaidi katika barabara za leo. Kwa kawaida kazi hiyo ina sehemu mbili: kufunga masta silinda yenye njia mbili badala ya ile ya njia moja, na kufunga breki za diski kwenye magurudumu ya mbele badala ya breki za dramu. Wamiliki wengi wa magari ya kale hufikiria ya pili tu, kwa sababu diski huonekana na husifiwa. Kwa upande wa usalama, ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi.

Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi tarehe 30 Julai 2003, siku ya mwisho ya uzalishaji katika kiwanda cha Puebla, Meksiko. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Breki zake hazina kisaidizi cha kuongeza nguvu ya mguu, hivyo dereva hutegemea mguu wake mwenyewe. Afrika ya Mashariki inalikumbuka gari hili pia kwa ushindi wake katika mbio za Safari Rally za 1954, 1957 na 1962, na zote hizo zilishindwa kwa gari lenye breki za dramu.

Historia

Beetle za kwanza zilisimamishwa kwa nyaya: pedali ilivuta waya, na waya ulivuta breki za kila gurudumu. Mwaka 1950 gari la kuuzwa nje ya Ujerumani lilipata breki za haidroli, yaani zinazosukumwa na mafuta ndani ya paipu, ilhali gari la bei nafuu la soko la ndani liliendelea na nyaya kwa miaka kadhaa zaidi.

Breki za diski zilikuwa zinajulikana zamani. Mwingereza Frederick Lanchester alizipatia hataza mwaka 1902, lakini zilipata jina baada ya Jaguar kushinda mbio za Le Mans mwaka 1953 kwa kuzitumia. Volkswagen ilizifunga mbele ya Beetle 1500 kwa soko la Ulaya kuanzia Agosti 1966. Beetle zilizopelekwa Marekani zilibaki na dramu kwenye magurudumu yote manne hadi mwisho, ila zilipata masta silinda ya njia mbili tangu modeli ya 1967, muda mfupi kabla sheria ya huko haijaulazimisha mfumo huo kwa magari madogo kuanzia 1 Januari 1968. Kwa hiyo Beetle mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na breki tofauti kabisa, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari hautoshi kumwongoza anayenunua vipuri. Ni lazima kutazama chini ya gari lenyewe.

Kwa nini dramu huchoka

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Beetle yenye uzito wa kilo 800 ikienda kilometa 40 kwa saa ina nishati ya mwendo ya kilojuli 49 hivi. Ikienda kilometa 80 kwa saa ina kilojuli 198 hivi, yaani mara nne, ingawa mwendo umeongezeka mara mbili tu. Nishati hiyo yote huingia kwenye chuma cha breki kila gari linaposimama.

Mteremko ni mbaya zaidi. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 300 bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kuondolewa inafikia megajuli 2.35, sawa na kusimama ghafla mara 12 kutoka kilometa 80 kwa saa bila kupumzika. Anayejua barabara ya mlima Kitonga kati ya Morogoro na Iringa, au ile ya Mai Mahiu inayoshuka Bonde la Ufa nchini Kenya, anaelewa hesabu hiyo bila kalamu. Sehemu ya nishati huchukuliwa na upepo na injini, na ndiyo maana madereva wa zamani walishuka kwa gia ndogo. Kinachobaki huishia kwenye breki.

Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Breki shuu hujipanua ndani yake na kubana ukuta wake, lakini joto halina pa kutokea upesi. Tena dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na shuu, kwa hiyo pedali hushuka chini zaidi wakati ambapo dereva anaihitaji zaidi. Diski iko wazi, upepo huipoza, na ikitanuka huelekea kwenye pedi zinazoibana. Diski pia hukauka haraka baada ya kupita kwenye maji.

Hatari ya njia moja

Katika masta silinda ya njia moja, mafuta yanayosukumwa na pedali huenda kwenye magurudumu yote manne kutoka chumba kimoja. Hosi moja ya mpira ikipasuka, au mpira wa silinda ya gurudumu moja ukianza kuvuja, shinikizo hupotea kote. Pedali huenda hadi sakafuni na gari huendelea na safari yake. Hubaki breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma peke yake.

Masta silinda ya njia mbili ina pistoni mbili katika bomba moja: moja kwa magurudumu ya mbele, nyingine kwa ya nyuma. Upande mmoja ukivuja, pedali hushuka sana lakini upande wa pili bado hushika. Kwa kuwa uzito mkubwa wa Beetle uko nyuma kwenye injini, hata breki za nyuma pekee zinaweza kulisimamisha gari, ingawa kwa umbali mrefu zaidi.

Mtu mwenye fedha za sehemu moja tu, na anayeendesha mjini kwa mwendo wa wastani, afadhali afunge masta silinda ya njia mbili na kubakiza dramu zilizotengenezwa vizuri, kuliko kufunga diski mpya zinazotegemea njia moja.

Vipuri

Jambo la kwanza ni aina ya ekseli ya mbele. Beetle za zamani zina ekseli ya pini. Beetle 1300 ya modeli ya 1966 ilikuja na ekseli ya boli jointi, na kuanzia Agosti 1970 modeli ya 1302 ilikuja na shokomzoba za wima zilizoshika springi. Seti ya diski ya ekseli moja haiingii kwenye nyingine. Jambo la pili ni rimu: za zamani hushikwa na bolti tano kwenye duara la milimita 205, za baadaye bolti nne kwenye duara la milimita 130. Ni vizuri kuijaribisha rimu juu ya kalipa kabla ya kulipa, kwani baadhi ya rimu za zamani hugusa kalipa.

Masta silinda nayo lazima ilingane na breki zinazofungwa. Kalipa huhitaji mafuta mengi zaidi kuliko silinda ndogo ya dramu. Zaidi ya hayo, masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu baada ya mguu kuondolewa. Vali hiyo ikiachwa kwenye njia ya diski, pedi hubaki zimebana na diski hupata moto njia nzima.

Kazi yenyewe

Kazi ya mbele inaweza kufanyika nyumbani kwa mtu mwenye vifaa na subira. Gari huwekwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa na kusimamishwa juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi, wala mawe na matofali. Vumbi la breki shuu za zamani halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu lainingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, inayosababisha kansa ya mapafu. Hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa ambacho hutupwa.

Nati ya beringi ya gurudumu la mbele la kushoto ina nyuzi za kinyume. Asiyejua hulifunga zaidi lile analotaka kulifungua, na wengi wameharibu ekseli kwa nguvu zao wenyewe. Nyuma, dramu hushikwa na nati ya milimita 36 iliyokazwa kwa takriban nyutonimeta 300. Hiyo hulegezwa gari likiwa bado limekanyaga chini.

Masta silinda ipo karibu na pedali, na tangi lake la mafuta liko mbele, nyuma ya tairi la akiba. Tangi la njia mbili lina vyumba viwili, na baadhi ya paipu hulazimika kutengenezwa upya kwa paipu halisi ya breki. Paipu ya shaba ya friji haifai. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni huachwa nafasi ya milimita 1 hivi. Bila nafasi hiyo, mafuta hushindwa kurudi kwenye tangi na breki hujibana zenyewe.

Mafuta ya breki

Jina hili limewaponza watu wengi. Mafuta ya breki si ya jamii ya oili ya injini, na oili ikimiminwa humo huvimbisha mipira yote hadi mfumo mzima ubadilishwe. Yanayofaa ni DOT 3 au DOT 4. Yakiwa mapya, DOT 3 huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi na DOT 4 kwa nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishachakaa viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Ndiyo sababu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ya silikoni haichanganywi nayo.

Kutoa upepo huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na kumalizia lililo karibu. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine hufungua na kufunga nipo ya gurudumu, na tangi haliachwi kukauka. Pedali ikibaki laini, upepo bado upo.

Majaribio hufanywa kwanza gari likiwa limesimama, kwa kukanyaga kwa nguvu huku msaidizi akitazama kila kiungo kama kinavuja, kisha kwa mwendo wa mtu anayetembea mahali pasipo na watu. Pedi mpya huzoeshwa kwa kusimama taratibu mara nyingi, huku zikipewa muda wa kupoa. Breki ya mkono hubaki kwenye dramu za nyuma, na nyaya zake hukazwa upya mwishoni, baada ya shuu za nyuma kusogezwa karibu na dramu.