Je, Wajua? Difrensho Kuanzia Lumumba Hadi Aggrey

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuzaliwa Mlimani? Kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na Kariakoo, kikifundisha sheria tu. Mwaka huohuo, kule MIT Marekani, James Slagle alikamilisha SAINT, programu ya kompyuta ya kutafuta intigrali. Ilipewa maswali 86. Mawili tu ndiyo yaliyoishinda.

Na mlinganyo tofautishi, huo ambao wanachuo huuita difrensho na kuukimbia, je? Ni mlinganyo unaoeleza kitu kinabadilika kwa kasi gani, basi. Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey, palepale Kariakoo, wanaushika kila siku: kapasita ya maikrofaradi 10 ikichajiwa kupitia rezista ya kiloomu 100 hufika asilimia 63 ya volti ya chanzo ndani ya sekunde 1, huku ikijivuta zaidi kadiri inavyojaa.

Je, wajua ipo programu ya bure ya kuutatua mlinganyo wa aina hiyo? Ni Maxima, mtoto wa Macsyma, programu iliyoanza MIT mwaka 1968. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas alipata ruhusa ya kuiachia huru mwaka 1998, na leo inaingia hata kwenye simu ya Android. Andika hivi, y ikiwa idadi, t muda, na k kasi ya ukuaji:

ode2('diff(y,t)=k*y, y, t);

Itakujibu y=%c*%e^(k*t), %c ikiwa idadi ya mwanzo. Iangalie vizuri ritifaa iliyo mbele ya diff. Ukiisahau, mashine inachukulia kuwa y haibadiliki, inaweka sifuri, halafu inagoma.

Jibu hilo tulipeleke kwenye sensa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na 5,383,728 mwaka 2022. Hapo k ni asilimia 2.1 kwa mwaka. Kwa mwendo huo watu wataongezeka maradufu kwa miaka 33. Tanzania nzima? Asilimia 3.2. Eti Dar inakua polepole kuliko nchi! Mwambie hivyo mmachinga wa Msimbazi uone atakavyokucheka. Maxima haina la kuongeza, kwa sababu hukuiuliza. Tazama mkoa wa jirani: Pwani ilitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947, asilimia 6.1 kwa mwaka. Jiji limemwagikia Kibaha na Mkuranga, na mlinganyo wetu haukuwa na nafasi ya watu wanaohama. Nafasi hiyo huongezwa na mtu, si programu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwalimu wa chuo anapopaswa kutumia ule muda aliookoa kwenye kukokotoa.

Je, wajua Mtanzania aliwahi kuutia mashakani mlinganyo wa Newton wa kupoa? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akambishia. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo cha Dar es Salaam, naye hakumpuuza. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ingiza mlinganyo wa Newton, unaosema kasi ya kupoa hufuata tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake, kwenye programu yoyote, vyombo viwili vinavyofanana, kimoja moto na kimoja vuguvugu: cha moto hakimpiti mwenzake hata siku moja. Programu itambishia Mpemba kama mwalimu wake alivyombishia. Wanasayansi mpaka leo hawajaafikiana.

Maxima imeingia hata kwenye mitihani: Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, kinatumia STACK, mfumo wa mitihani wenye Maxima ndani yake. Mfumo huo unajua kuwa e^(2t) na (e^t)^2 ni kitu kimoja, na unaweza kumpa kila mwanachuo namba zake. Kuchungulia kwa jirani hakusaidii.

La mwisho: paa la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilibuniwa kama miamvuli ya zege iliyopinduliwa, ikinge mvua na kuipeleka kwenye matangi ya chini. Maji yanayoingia, toa yanayotoka: tayari una difrensho. Wewe unayesoma Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), pale kwenye makutano ya barabara za Morogoro na Bibi Titi, soko ni mwendo wa miguu. Nenda ukaiandike, na ritifaa usiisahau.