Ngalawa ya Kwanza: Desturi za Kuagiza Chombo Kidogo Mafia

Ngalawa ni chombo cha gogo moja lililochongwa, chenye matengo mawili ubavuni na tanga moja la pembe tatu. Katika Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, ndicho chombo ambacho mvuvi anayeacha kufanya kazi kwenye vyombo vya wenzake huanza nacho. Hakiuzwi dukani. Huagizwa kwa fundi, na kati ya siku mtu anaposema anataka ngalawa na siku inapogusa maji kuna maamuzi mengi, karibu yote yakifungamana na la kwanza: ukubwa wake.

Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa, inatazamana na delta ya Mto Rufiji ng'ambo ya mlango wa bahari. Maji ya huko hayatabiriki kirahisi. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hivyo pwani iliyofunikwa na maji asubuhi huwa uwanja wa mchanga na matope adhuhuri. Upepo wa kusi hutawala tangu karibu Aprili hadi Septemba, na wa kaskazi tangu karibu Desemba hadi Machi. Katikati ya misimu hiyo huja matlai na siku za shwari. Mwenye kuagiza chombo hupima hayo kabla ya kupima mbao. Je, atavua kwa mshipi karibu na miamba au atatega nyavu mbali? Atakuwa peke yake au na wenzake wawili? Na maji yakipwa, nani atamsaidia kuivuta?

Ngalawa nyingi huwa na urefu wa mita tano hadi saba. Anayeanza huvutwa na kubwa, kwa hesabu kwamba chombo kikubwa hubeba samaki wengi. Wazee wa pwani humrudisha nyuma, nao wana haki. Ngalawa kubwa hudai tanga kubwa, mlingoti mnene na mabaharia wa kudumu, na kila baharia ana fungu lake katika mavuno. Ndogo huingia kwenye vijito vya mikoko, hupita juu ya miamba yenye maji machache, na watu wawili huipandisha pwani bila kupiga mbiu. Kwa mtu asiye na nyavu nyingi, udogo huo ni faida, hata kama jirani ataucheka.

Baada ya ukubwa huja mti. Mwembe ndio unaotumika sana: hunenepa vya kutosha, huchongeka bila kuvunja shoka, na hupatikana mashambani. Kasoro yake ni kuoza mapema na kupendwa na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Msufi na mfenesi hutumika pia. Mti wa shambani una mwenyewe, na mara nyingi una warithi wengi kuliko matawi, kwa hiyo kuununua ni shughuli ya ukoo mzima. Asiyewauliza wote huweza kukuta gogo limeshaangushwa na shauri limeanza. Kabla ya shoka la kwanza husomwa fatiha, na wengine huchoma ubani.

Fundi huchaguliwa kwa vyombo vyake vilivyoko majini. Anayetaka kuagiza hupita bandarini maji yakiwa yamepwa, wakati ngalawa zote zimelala mchangani na matumbo yake yanaonekana, akauliza hii kaichonga nani na ina miaka mingapi. Makubaliano hufanywa mbele ya shahidi. Sehemu ya malipo hutangulizwa, nyingine hutolewa gogo likishatobolewa, na iliyobaki siku ya kushua. Juu ya hayo kuna posho: siku za kazi mwenye chombo humlisha fundi na msaidizi wake. Posho si fadhila. Ikikosekana, tezo nayo hupumzika, na hakuna atakayemlaumu fundi.

Vipimo vya kazi hii bado hutoka mwilini: wanda, shibiri, mkono na pima. Hapo ndipo chombo humfuata mwenyewe. Upana wa ndani hupimwa kwa nyonga za mtu aliyeketi, na kina kwa mkono unaoteremka kuchota maji kwa kata. Gogo hukatwa umbo la nje kwa shoka huko huko shambani, likapunguzwa uzito, kisha huburutwa pwani kwa nguvu za vijana. Humaliziwa kwa tezo chini ya kivuli. Fundi huchonga akigonga mbavu za chombo kwa vidole na kusikiliza. Penye unene sauti huwa nzito, penye wembamba hulia. Akizidisha, chombo kitapasuka juani. Akipunguza, kitakuwa kizito miaka yote. Ikihitajika, ubao huongezwa juu ya kingo ili mawimbi yasiingie, na viungo hukalafatiwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta.

Matengo ndiyo yanayoifanya ngalawa iwe ngalawa, si mtumbwi tu. Ni mbao mbili zilizochongwa kama visu vipana, moja kila upande, zikishikwa na mirengu, yaani miti miwili inayokatisha chombo. Wataalamu wa vyombo vya bahari huhusisha umbo hili na mabaharia wa visiwa vya Indonesia waliovuka Bahari ya Hindi zamani na kufika Komoro na Madagaska. Upepo ukisukuma tanga, tengo la upande wa chini hukanyaga maji na kuzuia chombo kisipinduke. Baharia naye huegemea au hupanda upande wa juu. Sehemu hizi hufungwa kwa kamba, zamani ya usumba na sasa ya nailoni, ili zicheze kidogo wimbi likipiga. Kiungo kigumu kisichocheza huvunjika kwanza. Urefu wa mirengu ndio unaozua mabishano makubwa: mirefu hutuliza chombo lakini huganda kwenye mikoko, mifupi hugeuka upesi lakini humwaga watu.

Mlingoti na foromali, yaani mti unaoshikilia tanga, hutafutwa kwa miti iliyonyooka. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na tangu kale boriti zake zimekuwa zikivuka kuja Mafia na kwingineko. Misitu hiyo ni hifadhi, na kukata kunahitaji kibali. Tanga lilikuwa la amerikani. Siku hizi hushonwa kwa vitambaa vya viwandani vyepesi, na kingo zake huimarishwa kwa dasi. Mshonaji huulizwa mapema urefu wa foromali, kwani tanga lililokatwa kwanza huishia kuamua mlingoti badala ya kuufuata. Henza, joshini na demani humalizia orodha ya kamba. Usukani na kafi mara nyingi huchongwa kwa mabaki ya mti uleule.

Chombo kikikamilika, hupakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, au rangi kwa wenye nafasi, na chini yake shahamu. Siku ya kushua huulizwa kwa mwalimu. Husomwa dua au maulidi, hupikwa wali, na jirani wote hukaribishwa, maana wao ndio watakaosukuma. Desturi hii ya kualika ina uzito wa pekee hapa. Simulizi mashuhuri ya kisiwa husema kwamba watu wa mji wa Kisimani, ambao magofu yake yalichunguzwa na mwanaakiolojia Neville Chittick na sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari, walijenga jahazi wakawaalika watu wa Kua, mji uliokuwa kisiwani Juani. Kwenye karamu waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, na jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka, kisha wakawaalika Kisimani harusini, wakawaketisha katika chumba cha chini na kukiziba kwa ukuta. Liwe lilitokea au halikutokea, simulizi hutaja bila kukosea saa ambayo mwenye chombo anawahitaji watu wengine kuliko wakati wowote.

Safari za mwanzo si za kuvua. Fundi huenda pamoja na mwenye ngalawa, akaangalia kama omo inazama, kama tengo moja linaburuza maji kuliko lingine, na kama mlingoti unafaa kusogezwa nyuma shibiri moja. Kamba hufunguliwa na kukazwa upya, wakati mwingine mara kadhaa. Chombo husajiliwa na kukatiwa leseni ya uvuvi, namba zake zikaandikwa ubavuni. Malipo ya mwisho yakishatolewa, matengenezo yote ya baadaye huwa mapatano mapya, yenye posho yake.